Darasa Linalotazama Nyuma

Mikumi,
21 Mei 1972

Mama Mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Mwanao nimefika huku nikiwa mzima, isipokuwa mgongo, maana treni ilisimama kila mahali ambapo reli ilizolewa na mvua za Machi na kutandikwa upya. Kabla ya safari nilipita Magole kumwona Mama. Anakusalimu sana. Mahindi yamekomaa, ila ngiri wamemtangulia kuvuna. Analalamika kwamba wewe dada yake humwandikii. Nikamwambia huniandikii hata mimi, basi tukafarijiana.

Kazi nimeanza. Nafundisha bayolojia Kidato cha Kwanza na cha Pili. Hawa wa Kidato cha Kwanza, kama ujuavyo, wamesoma shule ya msingi yote kwa Kiswahili. Sasa wameingia sekondari wanakuta kila kitu ni Kiingereza, kuanzia kitabu cha hesabu hadi tangazo la chooni. Mwanafunzi akikutwa anasema Kiswahili ndani ya uzio wa shule anapelekwa kulima bustani ya mkuu wa shule. Bustani hiyo imestawi sana, Mama Mkubwa. Sijaona kabeji kubwa kama zile.

Lakini kuna jambo linalonisumbua. Nikiwa nafundisha, kila ninapotaja neno gumu, darasa zima linageuka nyuma. Hakuna anayewaambia. Wanageuza vichwa pamoja, wanatazama ukutani kwa muda, kisha wanarudi mbele na kuninyamazia. Siku ya kwanza nilidhani mkuu wa shule ameingia, nikafunga kifungo cha shati. Hakuwapo mtu. Kuna kiti kitupu tu, na kila asubuhi nakikuta kimepanguswa vumbi.

Nimeulizia. Kiti ni cha Mwalimu Gabrieli, aliyekuwa mwalimu wa Kiingereza hapa. Aligongwa na lori mwezi Machi, akiwa na baiskeli kwenye hii barabara ya kwenda Zambia. Alikuwa na mazoea ya kukaa nyuma ya darasa wakati wenzake wanafundisha. Neno gumu likitokea, alilitamka polepole na kulieleza kwa Kiingereza chepesi ambacho watoto wanakielewa. Basi wanamsubiri. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, lakini huyu hayupo na lake lipo.

Nyumba niliyopewa nayo ilikuwa yake. Chumba kimoja kimefungwa, vitu vyake vimo, ndugu hawajaja kuvichukua. Wapita njia hupiga hodi kwa jina lake, kisha wanakumbuka na kuondoka bila kuaga. Sijazoea.

Nasikia aliwahi kufundisha huko Kilosa. Ulimfahamu? Na darasa la namna hii unalishikaje wewe uliyefundisha Kiingereza miaka yote hiyo?

Mwanao,
Filipo


Kilosa,
9 Juni 1972

Mwanangu Filipo,

Marahaba. Barua yako imefika, nami ni mzima, namshukuru Mungu. Mto Mkondoa umekula kipande kingine cha shamba langu la mihogo. Shuleni tumepalilia pamba ya kujitegemea hadi vidole vimeota sugu, na mwalimu wa hesabu anajifanya anaumwa kiuno kila ikifika siku ya jembe. Mwambie mama yako nitamwandikia. Mwambie pia ngiri hufukuzwa kwa kuamka mapema.

Sasa hilo darasa. Umesoma Dar es Salaam ukatoka na cheti na suruali ya bugaluu, lakini naona hawakukufundisha kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Mwalimu wa bayolojia peke yake hawezi kufundisha watoto ambao lugha yenyewe bado wanaitafuta. Unahitaji mwenzako wa Kiingereza.

Hapa kwetu tulikuwa na desturi, tukaiita kuchambua. Jioni, kabla ya somo la kesho, mwalimu wa somo na mwalimu wa lugha wanakaa kwenye benchi moja. Wa somo anasoma somo lake kwa sauti. Wa lugha anasikiliza kama mtu achambuaye mchele, akiona jiwe analitoa. Mawe mengine ni ya kutupa, maana waandishi wa vitabu wanapenda maneno marefu bila sababu. Lakini mengine ni somo lenyewe, huwezi kuyatupa. Hayo mwalimu wa lugha anayachukua, na kesho yake kipindi cha Kiingereza kinatangulia: watoto wanayashika, wanayachora, wanayatungia sentensi. Kipindi cha bayolojia kikifika, neno si mgeni tena. Kisha yule wa lugha anakaa darasani kwako na kusaidia panapokwama. Na waache watoto wajadiliane kwanza wawili wawili kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, kabla hujawataka wajibu kwa Kiingereza. Mtu hawezi kusema kwa lugha ya kigeni jambo ambalo hajalifikiri kwa yake. Bustani ya mkuu wa shule itapunguza kabeji, haidhuru.

Anza na jani. Beba jani lenyewe mkononi.

Kula vizuri. Ukiwa huli unakuwa na hasira kama baba yako.

Mama yako Mkubwa,
Magreti


Mikumi,
25 Juni 1972

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini mihogo iliyobaki imebaki. Mimi sijambo. Tembo wawili walipita nyuma ya bweni la wavulana Jumanne wakang'oa bomba la maji, kwa hiyo tumekuwa tukichota kisimani, na nimejifunza kuoga kwa kopo.

Nimefuata maneno yako, nusu. Mwalimu mpya wa Kiingereza anaitwa Letisia, binti wa Songea, mpole, mchapa kazi, daftari zake zimenyooka kama reli. Nilimkaribisha kwenye benchi. Mwanzoni alisema kwamba yeye anafundisha Kiingereza, na mambo ya majani ni yangu. Nikamsomea ukurasa wa jinsi jani linavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Kufikia aya ya pili alikuwa ameninyang'anya kitabu na kuanza kukata maneno kwa penseli. Anajua kuchambua yule! Sentensi ya mistari minne aliifanya ya mstari mmoja, na haikupoteza kitu.

Alifundisha maneno, nikaingia na jani la mpapai. Watoto wawili wawili walinong'ona kwa Kiswahili, nikasikia kabisa kwamba wameelewa. Kisha nikasema neno kwa Kiingereza, neno ambalo walilichora wenyewe asubuhi ile, na wakageuka nyuma. Wote.

Nikamwomba Letisia akakae pale nyuma, kama ulivyoagiza, ili wakigeuka wamwone yeye. Amekataa. Si kwa ukaidi, uso wake ulibadilika. Alisema, "Kaka Filipo, mimi pale siendi. Mahali pale pana mtu." Nikataka kucheka, nikashindwa.

Narudia swali langu ambalo pengine lilipotea njiani. Ulimfahamu Mwalimu Gabrieli? Karani mzee wa hapa anasema kuchambua ndilo neno alilolitumia yeye pia.

Mwanao,
Filipo


Kilosa,
13 Agosti 1972

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, si posta. Hapa ni salama, isipokuwa kikohozi cha vumbi la kiangazi. Mama yako alinitembelea akaniletea ufuta. Ananenepa, na anaona fahari kijiji chao kipya cha ujamaa kimepata mashine ya kusaga, ijapokuwa milimani waliacha kila kitu pamoja na makaburi.

Swali lako halikupotea njiani. Nilimfahamu. Tulifundisha pamoja hapa hadi alipohamishiwa Mikumi mwaka juzi, na kuchambua tulikubuni sisi wawili, baada ya kuona watoto wenye akili wanafeli kwa kukosa maneno tu.

Kuna jambo inabidi ulijue, kwa kuwa ulipelekwa bweni ukiwa mdogo hukufundishwa. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani. Na mtani ana kazi yake msibani. Mtu akifa, nduguze hulia. Mtani halii. Mtani huingia kwa kelele, huvaa nguo ya marehemu, hutembea kama yeye, husema kama yeye, hutangaza ulafi wake na uchoyo wake mbele ya watu, mpaka waliofiwa wacheke hata kama hawataki. Kisha hushika fagio akafagia nyumba. Hapo ndipo wote wanakubali kwamba mtu ameondoka, na yeye mwenyewe anakubali.

Gabrieli alizikwa na shule siku ile ile, kwa hotuba za wakubwa. Reli ilikuwa imekatika. Hakuna mtani aliyefika. Mimi nilipata habari kaburi likiwa limeshaanza kuota majani. Basi hakuchekwa na mtu. Usiwashangae watoto.

Utasema nikueleze alivyokuwa, ili wewe umcheke, kwa kuwa nawe ni mtani wake kwa upande wa mama. Usiniambie hivyo. Sina nafasi, nina madaftari ya kusahihisha.

Endeleeni na benchi.

Magreti


Mikumi,
27 Agosti 1972

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Pole na kikohozi. Chemsha mkaratusi ujifukize, Letisia anasema unasaidia, na nimemwona akiutumia. Huku nyasi zimekauka, mbugani wanachoma moto, na madirisha ya maabara yana masizi kila asubuhi.

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Sasa umenitajia ugonjwa na jina la dawa, kisha umeficha chupa. Samahani kwa kusema hivi kwa mkubwa wangu, lakini maji yamezidi unga.

Nilitoa jaribio la bayolojia. Kuna msichana anaitwa Mwamvua, kutoka Kimamba, baba yake alikuwa mkata mkonge. Ana akili kuliko wote. Aliandika jaribio zima vizuri, ila kila mahali palipotakiwa neno gumu ameacha nafasi. Nafasi safi, zimepimwa vizuri, neno lingeenea. Nikamwita nje nikamuuliza kwa upole, kwa Kiswahili, kwamba maneno haya unayajua, nilikusikia ukiyasema na Mwalimu Letisia, mbona hukuyaandika? Akatazama chini. Akasema, "Hajayasema bado, mwalimu."

Nilimwambia aende. Nilibaki nimesimama barazani na karatasi mkononi kama mjinga.

Na si wao tu. Alhamisi nilikuwa nafundisha mizizi, nikasahau neno, mimi mwenyewe, mwalimu. Nikainua macho kutazama nyuma, nikasubiri. Letisia aliniona. Hatujazungumza habari hiyo.

Mkuu wa shule ameshatangaza: watakaoshindwa mtihani wa Desemba watarudishwa makwao, na nafasi zao watapewa wengine. Mwamvua akirudi Kimamba ataolewa kabla mvua za masika hazijakatika, ameniambia mwenyewe. Kidato kizima kitarudi, Mama Mkubwa, kwa kumsubiri marehemu.

Wewe huniambii kwa nini hutaki kumzungumzia. Sawa, mtoto haulizi mambo ya wakubwa. Ila nionyeshe tu alivyotembea.

Mwanao anayekusihi,
Filipo


Kilosa,
1 Oktoba 1972

Mwanangu Filipo,

Marahaba. Kikohozi kimepungua. Mkaratusi umesaidia, mshukuru huyo binti.

Nimekaa na barua yako mwezi mzima. Nikikueleza alivyokuwa nitakuwa nimemfukia kwa mkono wangu, na nilikuwa sijawa tayari. Hadi leo sijawa. Lakini huyo mtoto anayeacha nafasi hanitoki kichwani, naona kama ananikodolea macho mimi. Basi shika kalamu.

Alitanguliza bega la kushoto, kama mtu anayepita mlango mwembamba, hata akiwa uwanjani. Chaki aliziweka mfuko wa shati, kwa hiyo mfuko ule ulikuwa mweupe siku zote, na akipiga chafya kilitoka kijiwingu. Akitaka kufikiri alivua miwani, akiivua alisahau ameiweka wapi, akaanza kuitafuta na huku ameishika. Neno jipya alilisema mara moja kwa sauti kubwa, mara ya pili kwa sauti ya chini, mara ya tatu alichezesha midomo tu, darasa lenyewe likatoa sauti. Mtoto akijibu sawasawa, alijishika kichwa kwa mikono miwili kama aliyepatwa na msiba, akapiga kelele kwa Kiingereza kwamba wamemuua, wamemuua mwalimu wao. Alikuwa mlafi wa ndizi za kukaanga. Alikuwa bahili wa wino. Alijisifu kwamba anaimba, na hakuwa anaimba, alikuwa anaunguruma. Alicheka kwa puani.

Mara ya mwisho nilimwona hapa kituoni, alipokuja kwa Krismasi akawa anarudi. Alitania, nikatania. Yaliyosemwa hayasaidii kazi yako.

Sasa sikiliza vizuri. Usimwigize kwa heshima. Ukimwigiza kwa heshima utakuwa unamwita, na hao watoto wataogopa zaidi. Mwigize kwa ukorofi. Mseme vibaya. Wewe ni mtani, una haki hiyo kuliko padri na kuliko mkuu wa shule.

La kufagia niachie mimi. Chumba kile usikiguse. Tukifunga shule Desemba nitapanda treni nije na fagio langu mwenyewe, maana hilo nalidai, nimelisubiri tangu Machi. Nitamsema maneno ambayo hata wewe hupaswi kuyasikia.

Nenda kafanye kazi.

Magreti


Mikumi,
22 Oktoba 1972

Mama Mkubwa,

Shikamoo, shikamoo tena. Natumaini barua hii inakukuta umekaa. Sisi ni wazima, hata bomba limetengenezwa, lakini leo sina subira ya habari za bomba.

Nimefanya. Nilichagua Ijumaa ambayo mkuu wa shule alikwenda Morogoro mkutanoni. Letisia alinisaidia kuupaka chaki mfuko wa shati. Miwani niliazima kwa karani. Nikaingia Kidato cha Kwanza kwa bega la kushoto.

Msichana wa mbele alijifunika uso. Mvulana mmoja, Cornel, aliinuka akakimbilia mlangoni, akashika kitasa, akashindwa kukifungua. Mimi mwenyewe nywele zilinisimama, kwa sababu kwa muda mfupi sikuwa na hakika ni nani ameingia. Nikaona nimefanya kosa kubwa, nikataka kutoka.

Kisha nikakumbuka neno lako la ukorofi. Nikavua miwani, nikaanza kuitafuta. Nikaitafuta mezani, chini ya meza, ndani ya kikapu cha taka, na huku nimeishika. Nikasema kwa Kiingereza kwamba nani ameiba miwani yangu, ni nyinyi wezi wa ndizi, na ndizi pia zilikuwa zangu. Nikapiga chafya, chaki ikaruka. Nyuma kule mtu mmoja akakoroma. Unajua kile kicheko kinachotoka wakati mtu anakizuia.

Mara Mwamvua akasimama. Uso ameukaza, ana hasira. Akaniambia kwa Kiingereza, Mama Mkubwa, kwa Kiingereza, kwamba hapana, si hivyo, nimekosea, Mwalimu Gabrieli hakuinama namna hiyo. Akaja mbele, akaninyang'anya miwani, akatembea yeye. Lilikuwa ni bega lenyewe! Darasa likalipuka. Cornel akaacha mlango akasema naye amekosea, mkono ulikuwa mfukoni. Akaja akaonyesha. Mwingine akabisha. Wakawa wanasukumana kwenda mbele, wanagombana, wanarekebishana, na wote kwa Kiingereza, kibovu, chenye viraka, lakini hakuna aliyesimama kutafuta neno. Huwezi kumwigiza yule mtu kwa Kiswahili, ndiyo sababu, kwa kuwa kwao alikuwa Kiingereza chenyewe. Kipindi kikaisha hawakujua. Wengine walikuwa wanalia na wanacheka kwa pamoja, nami nilikuwa mmoja wao.

Nilipoangalia nyuma, Letisia alikuwa amekaa kwenye kile kiti, anapangusa macho kwa upindo wa sketi. Hakuna aliyemwona akienda.

Jumatatu nilifundisha ua. Nikataja neno gumu. Baadhi walitazama nyuma kwa mazoea, Letisia akalitamka, wakaandika. Nimewapa tena jaribio, na Mwamvua hakuacha nafasi hata moja. Amekosea herufi kidogo, nimefurahi mno kuona makosa. Sasa tunachambua kila jioni, na mwalimu wa jiografia ameomba apewe nafasi kwenye benchi.

Kuna jambo moja litakuchekesha. Walipokuwa wanamwigiza, Cornel alikwenda dirishani akasimama amefumbata mikono nyuma, na darasa zima likasema sentensi moja kwa pamoja kama sala. Nikawauliza ni nini. Wakasema kila treni ya Kilosa ilipopiga honi, Mwalimu Gabrieli aliacha somo, akaenda dirishani, akawaambia watamke sentensi ya wakati ujao. Ilikuwa ni ile ile siku zote tangu shule ilipofunguliwa Januari: mwezi wa sita nitamwoa mwalimu mmoja wa Kilosa, na yeye bado hajaamini kwamba ninasema kweli. Watoto waliipenda sana. Walimuuliza harusi itakuwaje, akawaahidi kuwapeleka wote kwa treni.

Je, huyo mwalimu wa Kilosa ni nani? Nyinyi walimu wa huko mnajuana wote. Au alikuwa anatania tu?

Mwanao mwenye furaha,
Filipo


Kilosa,
12 Novemba 1972

Mwanangu Filipo,

Marahaba. Mvua za vuli zimeanza kudondoka. Mama yako yuko hapa kwangu tangu Jumapili, amekuja na kuku wawili, mmoja tumemla, na nimemsomea barua yako kwa sauti. Alicheka pale pa miwani hadi akashika ukuta. Nilipofika kwenye ile sentensi nilimwambia mwandiko wako haueleweki, nikaruka.

Hongera, mwanangu. Mpe hongera Letisia, na mwambie kukaa pale kulihitaji moyo kuliko kuigiza. Mwamvua mwambie mwalimu wa Kilosa anamsalimu na anamtaka asome hata malori yakianguka kama mvua. Desemba watafaulu. Wale wanaogombana kwa Kiingereza hawafeli.

Unauliza mwalimu huyo ni nani.

Watani huitana mume na mke, unajua hivyo. Tangu siku ya kwanza tulipofundisha pamoja aliniita mke wangu mbele ya watu, nami nikamwita mume wangu asiye na mahari, na watu wakacheka. Mimi nilikuwa mjane wa tangu mwaka wa Uhuru, yeye mkewe alikwishafariki, na utani ule ulitutosha, au nilidhani ulitutosha. Siku ile kituoni, treni ikiwa imeshapiga honi, aliniambia mwezi wa sita atakuja na wazee wake. Nikacheka. Nikamwambia wazee wabebe na viti vyao, maana vyangu havikai wachumba wazee. Akacheka naye. Treni ikamwondoa akiwa dirishani anacheka, na tangu Machi nimekuwa nikikisikia kicheko kile kila asubuhi nikiwasha moto. Sijui kama kilikuwa cha mtani au cha mtu aliyeumia. Kwa mtani huwezi kujua, Filipo. Ndiyo raha ya utani, na ndicho kilichokuwa kinanila. Ndiyo maana sikukujibu. Ningekuambia nini? Kwamba namlilia mtu ambaye huenda alikuwa ananichezea tu?

Sasa darasa zima limenijibu kwa Kiingereza sanifu.

Juzi mama yako alipokwenda sokoni nilifunga mlango nikalia. Nililia kwa sauti, jirani akaja kuuliza nani amekufa. Nikamwambia ni mchumba wangu. Akaniuliza lini. Nikamwambia Machi.

Nilikuahidi nitakuja na fagio. Nitakuja, kwa treni ya Jumamosi ya kwanza baada ya kufunga shule, lakini fagio sileti. Ile ni kazi ya mtani, na mtani aliyebaki ni wewe. Fungua kile chumba, ufagie hadi pembeni, na unapofagia useme ubaya wake wote, usimhurumie, hata ubahili wa wino usiusahau.

Mimi nitandikie mkeka tu. Nimekuwa mjane mara moja, najua namna ya kukaa.

Mama yako Mkubwa,
Magreti